Kisanduku Kilichozibwa Mdomo

Kengele ya mwisho ya shule ikilia, wanafunzi wenzake walikimbilia nyumbani, lakini msichana huyu alipanda kilima. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, jengo refu la matofali lenye madirisha mengi. Msimu wa baridi ukifika, jengo hilo lilizama ndani ya ukungu hadi ukadhani mtu amelifuta kwa kifutio. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akawaamkia wapishi, akavua viatu vyenye matope, kisha akashuka ngazi kwenda chumba cha mitambo. Huko ndiko mama yake alikofanya kazi. Mama alikuwa fundi wa joto. Wazee wa nyumba ile walilala bila kutetemeka kwa sababu yake.

Darasani msichana huyo walimwita Mawingu. Si jina alilozaliwa nalo, lakini lilimkaa vizuri kuliko sare yake. Mwalimu akiuliza swali la hesabu, yeye alikuwa ameshatoka kwa dirisha zamani. Mwili ulibaki kwenye dawati, macho yalibaki ubaoni, mwenyewe hayupo. "Mawingu, shuka," mwalimu humwambia, na darasa zima hucheka. Naye alishuka, akatabasamu, akakaa kidogo, akapanda tena.

Chumba cha mitambo kilikuwa mahali pazuri sana kwa mtu wa namna hiyo. Katikati kulikuwa na boila, mtambo wa kuchemshia maji, kubwa kama tembo aliyelala, ikinguruma polepole tumboni. Mabomba manene yalitoka kila upande, yamezungushiwa vitambaa vyeupe kama miguu ya mgonjwa aliyeanguka mtini. Pembeni palikuwa na kompresa ndogo, mashine ya kushindilia upepo ndani ya tangi. Mara nyingi ilikuwa kimya. Upepo ukipungua iliamka ghafla, ikatikisika na kupiga kelele, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Ikishiba hunyamaza.

Mawingu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani, sikio karibu na bomba. Humo ndani maji yalikuwa yakipita, shuu, shuu, bila kuchoka. Alipenda kujifanya tone. Alijiona akichemka kwenye tumbo la tembo, akipanda ndani ya giza la bomba, akipita chini ya vitanda vya wazee, akiwapasha miguu, kisha akirudi chini amepoa, tayari kwa safari nyingine. Mama alimwacha aote. Sharti lilikuwa moja tu, nalo alikuwa amelirudia hadi limechakaa: humu ndani tunatazama kwa macho, si kwa vidole.

Kazi za shule zikiisha, alipanda kumwona bibi.

Bibi, mama mzazi wa mama, alikaa chumba cha mwisho kwenye ukumbi wa chini. Alikuwa ameugua mapafu, na daktari alikuwa ametoa ruhusa kwa shingo upande: akae hapa karibu na familia yake, ila chumba kiwe na joto wakati wote. Baridi ikimpata tena, basi, atapelekwa hospitali kubwa ya bondeni, na huko ni mbali, watu huruhusiwa kuona wagonjwa mwisho wa wiki tu. Kwa hiyo joto la chumba kile halikuwa jambo la anasa. Ndilo lililomwezesha Mawingu kuchana nywele za bibi yake kila jioni na kusikia habari za vijana wa zamani, ambao kwa maelezo ya bibi walikuwa na sura nzuri wote na akili hakuna.

"Karibu, mke mwenzangu," bibi humwambia akiingia. "Babu yako hajambo huko ulikotoka?"

Babu alikuwa amefariki kabla Mawingu hajazaliwa, lakini bibi hakukubali jambo dogo kama hilo liharibu utani.

Siku moja alimkuta mama yuko mle chumbani, amesimama juu ya kiti. Bibi alikuwa amelalamika kwamba joto limepungua kidogo, si baridi, lakini si lile la kawaida. Mama alikuwa amefungua kisanduku kidogo cha ukutani, kile kilichokuwa karibu na mlango, cha ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Alikuwa akikipuliza na kukipitishia brashi laini kama ya kupaka rangi. Vumbi lilitoka kama unga.

Mawingu alipomwuliza ni nini hicho, mama alianza kumweleza. Alimwonyesha tundu, dogo kama la sindano, na juu yake kibati chembamba kama kipande cha wembe. Alisema hapa ndipo chumba kinapopumulia. Alisema upepo wa kompresa unafika hapa kwa kibomba chembamba kilichopita ukutani. Akaendelea kueleza jambo fulani kuhusu upepo na maji, na namna kimoja kinavyokiamuru kingine. Lakini kwenye neno "kupumua" Mawingu alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameliona jengo zima likivuta pumzi, ukuta ukivimba na kunywea, madirisha yakifumba macho kwa usingizi.

"Unanisikia?" mama aliuliza.

"Nakusikia, mama."

"Basi usikiguse."

"Sikigusi."

Mama akafunga kifuniko, akashuka kwenye kiti, akaenda zake. Kisanduku, sasa kikiwa safi, kikaanza kupiga mluzi. Sssss. Zamani, vumbi likiwa limejaa, kilinong'ona tu. Sasa kilikuwa kimepata sauti.

Bibi alijilaza apate usingizi wa alasiri. Akageukia ukuta, akageukia dirisha, akageukia ukuta tena. Mwishowe akafumbua jicho moja na kusema kwamba katika umri wake amewahi kulala na watoto wanaolia, na mume anayekoroma, na mvua juu ya bati, lakini hajawahi kulala chumba kimoja na nyoka. "Sikia anavyonisengenya," akasema. "Namlalamikia nani sasa? Mama yako amechoka, mwache apumzike."

Ulikuwa utani. Bibi alitania hata sindano. Lakini Mawingu alimwona amechoka, macho yameingia ndani, na moyo wake ukamwuma. Alikuwa anatafuna chingamu aliyopewa na rafiki yake njiani, imeshaisha utamu. Akasubiri. Bibi alipofumba macho, alisogeza kiti taratibu, akapanda. Akalegeza kile kifuniko kwa ncha ya rula, kama alivyomwona mama akifanya kwa bisibisi. Akatoa chingamu mdomoni, akaiviringa kwa vidole ikawa kama punje, akaisukuma pale chini ya kibati, juu ya tundu.

Nyoka akanyamaza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kama blanketi. Bibi alivuta pumzi ndefu, akalala kweli. Mawingu akarudisha kifuniko na kiti mahali pake, akaketi akamtazama bibi yake akilala. Akajiona kama daktari aliyemaliza upasuaji. Hata aliposhuka kwenda nyumbani na mama, wameshikana mikono kwenye ukungu, hakukumbuka kulisema. Si kwamba alilificha. Lilikuwa jambo dogo, na kichwani mwake lilikuwa limeshageuka kuwa hadithi ya msichana aliyemtuliza nyoka.

Kesho yake baridi ilikuwa kali zaidi. Darasani walipuliza vidole, na mwalimu alifundisha amevaa skafu hadi puani. Jioni Mawingu alipofika jikoni, wapishi hawakumtania. Mmoja alimwambia apitie kwa bibi yake kwanza, kwa kuwa tangu asubuhi chumba kile kimekuwa kama ndani ya jokofu.

Alikimbia ukumbini. Njiani aliona ajabu. Chumba cha jirani kilikuwa cha mzee mmoja aliyeitwa Mzee Redio, kwa sababu redio yake haikuzimwa hata akiwa bafuni. Mzee huyo alikuwa ameketi mlangoni kwa fulana ya ndani, jasho linamtiririka, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Alimwambia Mawingu kwamba humo ndani mwake sasa unaweza kuoka mkate, na kwamba alikuwa amemwambia msimamizi, lakini msimamizi alikuwa na haraka.

Msimamizi wa nyumba alikuwa na haraka siku zote. Walimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa alitembea mbio huku akiwaambia wengine waende taratibu. Asubuhi ile alipoambiwa chumba cha mwisho kina baridi, aliamuru boila iongezwe moto. Ikaongezwa. Mabomba yanayopita chini ya sakafu yakawaka, vyumba vyote vikawa tanuri, isipokuwa kile cha mwisho, ambacho hayakukipitia na kilizidi kupoa. Akaamuru iongezwe tena.

Bibi alikuwa ameketi kitandani ndani ya mablanketi, uso tu ndio ulioonekana, kama kifaranga ndani ya yai. Alikohoa. Kando ya kitanda palikuwa na begi lake, limefungwa.

"Mke mwenzangu," akasema, "wananihamisha. Gari la hospitali litakuja kabla ya giza." Kisha akaongeza kwamba bondeni kuna madaktari vijana, na huenda mmojawapo ana akili. Lakini safari hii hakucheka.

Mawingu alishika mkono wake. Ulikuwa baridi kama kijiko. Akagusa lile dude la chuma lenye mapezi chini ya dirisha, linalopitisha maji ya moto, ambalo kila mtu pale aliliita rejeta kwa kuwa linafanana na ya gari. Lilikuwa baridi pia. Jana lilikuwa vuguvugu.

Mama alikuwa nje, ukumbini, amepiga magoti mbele ya kijimlango ukutani ambamo mabomba ya chumba kile yalipita. Ovaroli yake ilikuwa na vumbi mabegani, na alikuwa hajala tangu asubuhi. Alikuwa ameshakagua pampu, akaikuta nzima. Alikuwa ameshatoa hewa iliyonasa kwenye rejeta, maji yakatoka vizuri. Kompresa ilikuwa inafanya kazi. Alipomwona Mawingu alimpa tochi bila maneno mengi. Kila aliyewahi kumshikia mzazi tochi anajua kazi hiyo ilivyo ngumu: mkono ukitikisika kidogo tu unaambiwa umulike hapa, si usoni kwangu.

"Mulika ile yenye kofia," mama akasema.

Ndani mle mabomba mawili yalikutana na kuachana, na pale yalipoachana palikuwa na kitu kizito cha shaba chenye kofia ya duara juu yake. Mama alisema hiyo ndiyo valvu. Labda kwa kuwa alitaka kuelewa vizuri yeye mwenyewe, akaanza kusema polepole, kama anayefuata njia kwa kidole, na safari hii Mawingu hakwenda popote.

"Maji ya moto yakifika hapa yanakuta njia panda," mama alisema. "Njia hii inaingia kwa bibi. Njia hii nyingine ni ya kando, inayarudisha kwenye boila bila kuingia chumbani. Valvu ndiyo askari wa hapa. Ndani ya kofia kuna mpira. Upepo ukijaa, mpira unavimba, unasukuma hii fimbo chini, unafunga njia ya chumbani, na maji yote yanapita kando. Upepo ukipungua, springi inainua fimbo, maji yanaingia kwa bibi. Sasa tazama fimbo iko wapi."

Ilikuwa imeshuka kabisa.

"Kwa hiyo maji yanapita kando," Mawingu akasema.

"Yanapita kando. Hata boila ichemke mpaka ipasuke, maji yanafika mlangoni kwa bibi, yanamsalimia, yanaenda zake. Na valvu inafanya hivyo kwa sababu inaamini chumba kina joto la kutosha."

"Nani ameiambia?"

Mama alifuta paji la uso kwa mkono wa ovaroli. Akasema anayeiambia ni kile kisanduku cha ukutani. Chumba kikiwa na baridi, kisanduku kinaachia upepo utoke kwa tundu, ndio ule mluzi, na valvu ikikosa upepo inafungulia maji. Chumba kikipata joto, kibati kinajikunja, kinaziba tundu, upepo unakosa pa kutokea, unarudi kuuvimbisha mpira. Lakini kisanduku kile alikuwa amekisafisha jana kwa mikono yake mwenyewe, kikaimba vizuri. Hakikuwa na shida. Basi lazima valvu yenyewe imekwama. Itabidi amwage maji ya upande huu wote wa jengo aifungue, na wazee wote wa upande huu walale bila joto hadi asubuhi.

Mawingu alimulika fimbo ya valvu, lakini mwenyewe alikuwa ameshaanza safari. Hakuwa tone la maji tena, alikuwa upepo. Alitoka kwenye ile kofia ya shaba, akaingia kibomba chembamba, akapanda ndani ya ukuta, gizani, taratibu, akapinda kona, akapanda tena, akatokea nyuma ya kisanduku. Akaelekea kwenye tundu dogo kama la sindano ili atoke nje akapige mluzi. Hakuweza kutoka. Mlangoni palikuwa na kitu laini, cheupe, chenye alama za vidole vyake.

Mwanga wa tochi ukapanda darini.

"Mulika hapa, mwanangu, si dari."

Alitaka kusema, maneno yakakuta njia imefungwa, yakarudi. Akamwambia mama kwamba anakwenda mara moja kumwona bibi. Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatafuta spana kubwa.

Alikuwa amepanga vizuri katika zile hatua chache za njiani. Atafungua kifuniko, atatoa chingamu, atafunga. Maji yataingia, bibi atapata joto, gari litarudi bila mtu. Hakuna atakayejua. Hata uongo hautahitajika, kwa kuwa hakuna atakayeuliza. Alipanda kiti. Bibi alimtazama kutoka ndani ya mablanketi yake. Mawingu alilegeza kifuniko kwa rula, akaiona chingamu, imekauka na kuwa ngumu kama jino. Akaichokonoa kwa ukucha. Ikang'oka.

Sssss.

Mluzi ulitoka kwa nguvu, mrefu, kama mtu aliyezuiwa kusema tangu jana. Wakati huohuo msimamizi alikuwa anaingia na mama nyuma yake. Dereva wa gari la hospitali alikuwa ameshapiga simu kwamba anapanda kilima. Wote wawili walisimama. Mawingu alisukuma kifuniko kikarudi, akafumba kiganja, kama aliyepanda kusikiliza tu.

Mama alisikiliza. Akatoka ukumbini akachungulia kwenye kijimlango, akarudi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua afurahi au alie. Alisema fimbo inapanda. Maji yanaingia.

"Kimefunguka chenyewe?" msimamizi aliuliza. Alitaka kujua nani alikuwa wa mwisho kukigusa kisanduku kile, kwa sababu siku nzima wazee wameoka upande mmoja na kuganda upande mwingine, na atalazimika kueleza.

"Ni mimi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikisafisha jana. Lazima niliacha vumbi mahali pabaya. Kosa ni langu."

Ilikuwa rahisi sana. Mawingu aliliona hilo wazi, kama unavyoona ng'ambo ya mto. Bibi anabaki, joto linakuja, mama amelibeba kosa na tayari anaanza kulizoea. Kiganjani punje ngumu ilikuwa ikimchoma. Alimtazama mama yake: vumbi mabegani, nywele zimetoka kwenye kitambaa, mikono ile aliyoijivunia imening'inia kama si yake.

"Wa mwisho kukigusa si mama," Mawingu akasema. "Ni mimi."

Akafumbua kiganja.

Walikuja wakaitazama ile chingamu, vichwa viwili vimeinama, kama wanaotazama yai lisilo la kawaida. Alieleza yote akiwa bado amesimama juu ya kiti. Alieleza habari ya nyoka, na bibi aliyekosa usingizi, na rula. Alisema hakujua kwamba mluzi ulikuwa na kazi, kwa sababu mama alipoeleza jana yeye hakuwepo. Na alisema pia, ingawa hili lilitoka kwa shida, kwamba leo alipojua alitaka kuitoa kimyakimya.

Msimamizi alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia.

"Kumbe nyoka wangu alikabwa koo," alisema kutoka ndani ya mablanketi. "Nami nikasema, afadhali kimya. Kimya kingi kina mshindo." Kisha akamwambia msimamizi kwamba kama anatafuta wa kulaumu, basi aanze na kikongwe aliyemtania mtoto mwenye masikio mawili na kichwa mawinguni.

Msimamizi, kwa mara ya kwanza watu wakumbukavyo, hakuwa na haraka. Alikaa kwenye ncha ya kitanda. Alisema naye aliongeza moto mara mbili bila kumwuliza fundi. Akatoka kwenda kulizuia gari lingoje kidogo na kuagiza boila ipunguzwe kabla Mzee Redio hajavua na ile fulana.

Mama alimshusha Mawingu kwenye kiti. Hakumkaripia. Alimshika mkono akamwongoza hadi kwenye rejeta chini ya dirisha, akaweka kiganja chake na cha mtoto juu ya chuma, wakangoja. Nje ukungu ulikuwa umesogea hadi kwenye kioo. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha, ndani kabisa, mlio mdogo, tik, tik, chuma kikijinyoosha. Kisha uvuguvugu ukaja kutoka upande mmoja, ukatembea polepole chini ya vidole vyao, kama paka anayetafuta mahali pa kulala. Mawingu aliyajua matone yale. Yalikuwa yamezungushwa kando siku nzima, na sasa yalikuwa yamefika.

"Kile kisanduku hakina akili nyingi," mama alisema. "Kina kazi moja, kusema kweli. Chumba kina baridi, kinasema baridi. Ukikiziba mdomo, hakuna kinachoharibika, boila inachemka, pampu inasukuma, kila kitu ni kizima. Lakini wote wanafuata uongo, na anayeumia ni aliye ndani ya chumba."

Mawingu aliitikia kwa kichwa.

"Na mtu ni hivyohivyo. Jana uliziba tundu kwa sababu hukunisikiliza. Hilo ni kosa, na utalilipia: kila Jumamosi utashika brashi, tusafishe visanduku vya jengo lote. Lakini leo ulipofumba kiganja, hapo ulikuwa unaziba tundu la pili, na hili ni baya zaidi. Mimi ningeenda nyumbani nikiamini mikono yangu haifai. Umelizibua mwenyewe. Kukosa ni kwa kila mtu, mwanangu. Hata mimi leo nilishuku kila kitu isipokuwa kazi yangu. Ila kosa likisemwa mapema, linarekebishika. Likizibwa, baridi inaenea."

Gari la hospitali lilifika, dereva akapewa chai jikoni, muuguzi akampima bibi. Alisema kama chumba kitabaki hivi hakuna haja ya safari. Bibi alimshukuru, akamwuliza kama ameoa, akamwambia asijali, ameuliza kwa ajili ya elimu tu.

Begi likafunguliwa. Mawingu akachukua kitana, akakaa nyuma ya bibi kitandani, akaanza kuchana zile nywele nyeupe, laini kama ukungu wa dirishani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile, kikombe mikononi, macho ameyafumba. Kisanduku kilikuwa bado kinapiga mluzi. Mawingu aliuliza kwa sauti ya chini kama bibi ataweza kulala hivyo.

"Subiri," mama akasema bila kufumbua macho. "Hata jana ungesubiri tu."

Wakasikiliza. Chumba kilizidi kupata joto. Sssss ikawa sss. Ikawa ss. Kibati chembamba mahali fulani mle ndani kilikuwa kikijikunja, kidogo kidogo, kuelekea kwenye tundu. Mluzi ukafifia ukawa mnong'ono, mnong'ono ukawa pumzi, na mwishowe hata pumzi haikusikika. Safari hii hakuna aliyekiziba mdomo. Kilikuwa kimesema lake, kikasikilizwa, kikanyamaza.

Bibi alikuwa ameshalala.